Ukuta wa Vioo Nyakakika

Deusi alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa juu ya ngazi dukani kwangu Mwanza nikitafuta boksi la swichi, akasema maneno mawili tu: "Maama amekwenda." Hakujitambulisha. Miaka ishirini tulikuwa hatujazungumza, na bado hakuona haja ya kutaja jina, wala mimi sikuuliza ni nani. Nilishuka, nikakaa juu ya betri iliyokuwa imeletwa kutengenezwa, nikamwambia mteja aliyekuwa akingoja aende duka la jirani. Nilipofika Nyakakika walikuwa wameshamzika Maama Theodosia. Wanawake walinipokea, wakanipa kigoda ndani, juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni, na mmoja wao akamnong'onezea mwenzake, kwa sauti ambayo niliisikia vizuri kabisa: "Ndiye yule fundi wa ukuta." Sikujua kwamba bado nina jina katika kijiji kile. Ningependa lingekuwa jina jingine.

Nataka kuueleza mwaka ule niliokaa nyumbani kwake. Ya kabla yake, nilivyozaliwa Kamuli na nilivyosomeshwa, nayaacha, maana wazazi wangu hawana hatia katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti cha ufundi umeme, na kiburi kinachokaribiana na cheti hicho kwa ukubwa. Kigango cha kanisa cha pale kilikuwa kimejenga jengo la wazazi kando ya zahanati, kwenye kipande cha kibanja, shamba la migomba na kahawa, alichokitoa marehemu mume wa Maama Theodosia kabla hajafa. Umeme wa nguzo haukuwa umefika. Paneli za sola za kwanza ziliwekwa juu ya bati, zikaibwa. Zikaletwa nyingine, zikaibwa pamoja na bati lenyewe. Hapo Deusi, mtoto wa Maama Theodosia, ambaye ndiye mwashi aliyelijenga lile jengo, akaja na wazo ambalo kamati ya jengo ililicheka kwanza na kulipitisha baadaye. Alisema ukuta wa nje bado haujapigwa plasta, basi usipigwe, uvishwe paneli kuanzia kiunoni mpaka chini ya paa. Bolti zipenye tofali na nati zifungwe kwa ndani, wodini. "Mwizi akizitaka," alisema, "aingie kwanza kwa wanawake wenye uchungu, awaombe spana." Nililetwa mimi, Spera, kuifanya kazi hiyo, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya wageni karibu, nikapewa chumba kwa Maama Theodosia, hatua chache tu kutoka kwenye jengo.

Kuweka paneli ukutani si sawa na kuziweka juu ya bati. Kwetu huku jua la mchana husimama utosini, na ukuta uliosimama wima haulioni hata kidogo. Ukuta una asubuhi au una jioni, lazima uchague. Ukuta wa mashariki ulitazama kibanja cha Maama na bonde chini yake. Ule wa magharibi ulitazama barabara na uwanda wa nyasi ambako wafugaji walipitisha ng'ombe wao. Nilifika Novemba, mvua zimepamba moto. Kila siku asubuhi ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na kila siku saa nane mawingu yalijikusanya, mvua ikashuka. Nilitazama hivyo wiki tatu, nikaandika kwenye daftari langu: mashariki. Nikapiga mstari chini yake mara mbili. Wiki tatu! Leo nikimkuta kijana anaamua jambo la miaka ishirini kwa kutazama wiki tatu, namfokea mpaka anashangaa hasira yote hiyo inatoka wapi.

Chumba changu kilikuwa kile alichowahi kulala mumewe alipokuwa mgonjwa. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha dogo la mbao, na harufu ya kahawa, kwa sababu magunia ya kahawa yalihifadhiwa nyuma ya pazia. Kutoka pale nilisikia kila kilichosemwa jikoni. Nilisikia Maama akizungumza na moto usiotaka kuwaka, akizungumza na kuku, na nilisikia akinizungumzia mimi. "Hali chakula," alimwambia Deusi wiki ya kwanza. "Mtoto wa watu anakula kama anayeonja. Watasema kwao tumemrudisha mifupa." Tangu siku hiyo sikutoka nyumbani asubuhi bila kushiba. Kulikuwa na uji wa mtama kwanza, kisha ndizi zilizopikwa na maharage, na msimu wa senene ulipoanza, bakuli la senene waliokaangwa na chumvi, likawekwa mbele yangu peke yangu. Mwisho alinipa punje mbili tatu za kahawa kavu nitafune. Nikijaribu kuinuka mapema alinishika mkono. "Keti, mwanangu. Kazi haina miguu, haiwezi kukukimbia." Kwa hiyo nilizoea kutoka saa nne. Nilikuwa napenda kutoka saa nne. Hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono nisiende kazini, na mpaka leo hakuna mwingine.

Tulimaliza Februari. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na nalisema hilo kwa uchungu. Tuliacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na tofali ili upepo upite nyuma, tukapunguza upenu wa paa usitie kivuli, Deusi akaziba kingo zote kwa saruji laini hivi kwamba ukuta ulionekana kipande kimoja cha kioo cha buluu iliyokolea. Wanawake waliokuja kliniki walisimama mbele yake kurekebisha vitambaa vya kichwa. Muuguzi alituita siku mtoto wa kwanza alipozaliwa chini ya taa zile, msichana, tukaingia kumsalimia mama yake, na Maama Theodosia akaitazama taa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto. Tulipotoka alisema, "Mimi nilimzaa Deusi kwa mwanga wa kibatari, mkunga akakiinamia mpaka nywele zikaungua. Leo mume wangu angekuwa hai ningemwambia ardhi yake imezaa." Deusi alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Pasaka ilipofika, wazee wake walikuwa wameshakwenda Kamuli kuleta posa kwa wazazi wangu, na mimi nilikuwa nimeshaitwa mwali na nusu ya kijiji.

Kisha ikaja Juni, na taa zikaanza kufifia. Betri zilizokuwa zikijaa kabla ya saa tano sasa hazikufika nusu. Muuguzi akaja na malalamiko, kamati ikaja, na Deusi akawa haongei wakati wa kula. Mimi nikachukua mita yangu, na baada ya kula, saa nne kama kawaida, nikaenda kusimama mbele ya ukuta. Nikakiona kivuli pale pale. Jua lilikuwa limehamia upande wa kushoto wa bonde, na migomba sita mirefu iliyokuwa karibu na ukuta ilitupa majani yake juu ya paneli za chini. Sasa, kivuli kwenye paneli si jambo dogo. Jani moja likilalia kipande kidogo, paneli nzima inalegea, na zile zilizounganishwa nayo zinalegea pia. Nililijua hilo kutoka chuoni. Nikafurahi jinsi mtu anavyofurahi anapokuta swali la mtihani alilolisoma jana yake. Sikupima siku nyingine. Sikupima saa nyingine.

Migomba ile sita ililizunguka kaburi la mumewe. Kwetu mtu hazikwi mbali na migomba yake, na migomba inayoota pale alipolala haiguswi kwa panga, labda kuchukua mkungu uliokomaa. Kukata migomba ya mtu mlangoni kwake ni kumtangazia kwamba nyumba yake imekwisha, ahame. Siwezi kusema sikujua. Mimi ni Mnyambo kama wao, nimelelewa ndani ya kibanja. Nilijua, nikaenda kumwomba hata hivyo, kwa sababu taa zile zilikuwa zangu na nilizionea wivu.

Alikuwa anachambua maharage uani. Nilimweleza kivuli ni nini na kinafanya nini, nikamchorea ardhini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yote sita?" aliuliza.

"Yote sita, Maama."

"Ule wa katikati aliupanda mwenyewe, mwaka aliozaliwa Deusi. Mimi nilimshikia shina."

Akaendelea kuchambua, akatupa jiwe dogo, akatupa jingine.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Maama."

"Basi."

Hakumruhusu Deusi aikate. Alisema kama ni lazima mtu amtoe mumewe kivuli, awe yeye mkewe. Kesho yake alivaa gauni lake la kanisani, akachukua panga, na kabla ya kukata kila mgomba aliuwekea mkono kwa muda, akasema kitu kidogo kwa Kinyambo ambacho sikukisikia, kisha akakata. Mgomba haukatiki kwa kelele. Unatoa maji, unajiinamia, unalala. Wa katikati ulimshinda, akapumzika mara mbili, na Deusi aliyekuwa amesimama karibu yangu aliangalia chini wakati wote. Alipomaliza, kaburi lilibaki limeachwa wazi kwenye mwanga, dogo kuliko nilivyodhani. Aliyabeba mashina mwenyewe akayapanga pembeni. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jirani yake Maama Jeneroza alikuja alasiri, na mimi nilikuwa chumbani kwangu. Nilisikia yote kupitia ukuta wa jikoni. "Theodosia, umerogwa? Umeikata migomba ya mwenye nyumba kwa neno la mtoto wa watu?" Sufuria ikafunikwa. Kisha nikaisikia sauti ya Maama, bila hasira hata kidogo. "Usimwite mtoto wa watu. Ni mwanangu. Mwanangu akiniambia ana hakika, nimwombe shahidi?" Nililala chali kitandani nikitabasamu. Niliona nimependwa. Nilikuwa nimependwa kweli, na hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza.

Siku ya tatu baada ya kukata nikataka kuona ukuta unavyoshiba, nikaamka kabla ya jua na kutoka bila kula. Sikuona jua likichomoza. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, mweupe na mzito, umepanda mpaka kwenye ukuta, na vioo vilikuwa vimelowa vikitiririka maji. Nikapima saa moja. Nikapima saa mbili, saa tatu. Mita ilikuwa inasoma karibu na bure. Ukungu niliuona kila siku tangu Juni ianze, nani asingeuona, lakini vitabu vyangu vilisema paneli hupata kitu hata kukiwa na mawingu, na mimi niliridhika na neno hilo, kitu. Saa nne ukungu ukainuka, jua likatokea, na lilikuwa limebakiza saa moja tu kabla ya kupanda juu ya paa. Ndiyo saa niliyokuwa nikitoka kila siku, nimeshiba. Kivuli nilikiona kwa sababu nilifika jua lilipotoka. Hakikuwa kimeiba hata robo ya kilichopotea. Na jioni ile ile nilisimama upande wa magharibi, mbele ya ukuta ambao nilikuwa nimeukataa Novemba. Hakukuwa na wingu. Jua liliupiga kuanzia saa nane mpaka ng'ombe waliporudi, na tofali zilikuwa za moto mkononi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa wiki ile ile, na yalizaliwa na meno.

Nilimkuta Maama anatandaza kahawa kwenye jamvi, mchana, upande wa barabara. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo majuma kadhaa bila kujiuliza kwa nini kahawa anaianika upande ule, na maharage ya Januari alikuwa ameyaanika upande wa bondeni.

"Maama, ukungu huu hukaa mpaka lini?"

"Mpaka mvua za Septemba. Kila mwaka. Bondeni hakukauki kitu kabla ya saa nne, ndiyo maana kahawa naileta huku ipate jua la jioni." Akainua uso. Mkono mmoja ulikuwa bado juu ya kahawa, ukiisambaza. "Kwa nini? Na vioo vyako vinazuiwa na ukungu? Mimi nilidhani vyenyewe si kama kahawa."

Nililipata jibu. Lilikuwa mdomoni. Niliziangalia mbegu, nikaviangalia vidole vyake vilivyokuwa na utomvu mweusi wa mgomba usiotoka kwa sabuni, nikasema, "Hapana, Maama. Havizuiwi."

Neno moja. Ningelisema lile jingine angelia, labda angeninyamazia siku mbili, kisha angeniita nije kula. Namjua. Nilimjua hata wakati ule. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina cheti, nina posa, na nilitaka kubaki mtu mwenye hakika.

Nikaiambia kamati wodi imeongezeka matumizi, tunahitaji kuvisha na ukuta wa magharibi. Haukuwa uongo wote. Uongo wangu wa mwaka ule ulikuwa na ukweli kidogo ndani kila mara. Paneli zilipofika Agosti mimi na Deusi tukazifunga, na taa zikawaka kama zamani. Maama Theodosia alifurahi kuliko wote. Aliwaambia wanawake kisimani, akamwambia padri baada ya misa, akamwambia Maama Jeneroza mbele yangu: "Uliona? Tangu nilipoikata mwanga umerudi. Mume wangu ametoa ardhi akiwa hai, na ametoa kivuli akiwa kaburini." Maama Jeneroza aliniomba radhi kwa kunisema vibaya, bila kujua kwamba nilikuwa nimesikia kila neno. Nilizipokea. Nilikula chakula changu.

Nilivumilia mpaka Oktoba. Kila sifa aliyonipa iliniingia kama mwiba wa samaki, na kila asubuhi aliponishika mkono nikae nishibe, nilitamani kuuondoa ule mkono. Harusi ilikuwa imepangwa Januari. Siku moja Deusi alipokuwa amekwenda Kayanga kununua saruji, nilimwambia Maama nimepata kazi ya haraka Mwanza. Alinifungia ndizi mbivu na kahawa kwenye kitenge. Akaniuliza narudi lini, nikasema baada ya wiki mbili. Deusi nilimwandikia barua fupi kwamba sitaolewa, bila sababu. Posa ilirudishwa na watu wangu. Kitenge chake kikabaki kwangu, nikakitumia mpaka kikachanika, na sikuwahi kumrudishia hata salamu.

Siku ya tatu ya matanga, mwezi huu wa Juni, Deusi alinikuta nimesimama kwenye makaburi. Ana mvi, ana mke mpole aliyenipikia bila kuniuliza chochote, ana watoto wakubwa. Mama yake amelala kando ya baba yake, na makaburi yote mawili yako wazi, juani, hakuna mgomba karibu nayo hata mmoja. Nilishangaa. Mgomba ukikatwa unachipua. Mashina yale yangekuwa msitu baada ya miaka miwili.

"Ilichipua," Deusi alisema. "Kila mwaka ilichipua. Kila mwaka kahawa ikianza kuiva alivaa gauni lake, akaja kuyakata machipukizi. Mwaka jana hakuwa na nguvu za kusimama, akaja akakata amepiga magoti. Nikamwambia niachie mimi, akakataa. Alisema, Spera alisema taa zitazimika."

Sikuweza kumtazama. Nyuma yetu ukuta wa mashariki ulikuwa umelowa, umejaa ukungu.

"Nguzo za umeme zimekuja, lakini unakatika kila mara, na wodi bado inategemea ukuta huu," aliendelea. "Mimi nataka kuwapandia wazee wangu migomba. Siwezi kuwaacha hivi, watu wanasema. Lakini aliniusia nisipande. Wewe ndiye fundi. Nikipanda, taa zitazimika?"

"Hazitazimika," nilisema. "Hazikufifia kwa ajili ya migomba. Ulikuwa ukungu. Hakukuwa na haja ya kukata hata mmoja."

Ng'ombe walikuwa wanapita barabarani, mchungaji akiwapigia mluzi.

"Ulijua lini?"

"Siku ya tatu baada ya kukata."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kipimo cha ukuta uliokwishapinda. Nilidhani atanifokea, na nilitaka anifokee.

"Maama angekusamehe siku ile ile," alisema. "Angekupakulia na chakula. Mimi, Spera, sijui." Akageuka akaenda ndani kwa wageni wake, na nilisimama pale peke yangu mpaka mkewe alipotoka kuniambia chakula kiko tayari.